Kisiwa Kinaelea, Maji Yanatoka Wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko watatu, tunatengeneza gemu ya fantasia kwa muda wetu wa ziada, huu ni mwaka wa pili. Mimi nachora mandhari. Mwenzangu anayeandika hadithi anataka visiwa vinavyoelea, miti ya zambarau na miezi mitatu angani. Anasema kama ni fantasia basi na iwe fantasia. Yule wa programu anataka tope, mbao, mawe na mvua, anasema mchezaji haamini kitu asichoweza kukigusa. Tumefika mahali hatuzungumzi vizuri. Ulimwengu wa gemu kama hii uwe wa ajabu kiasi gani, na wa kawaida kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Poleni kwa ugomvi, ingawa si mgeni. Karibu kila meza niliyowahi kukaa na watu wanaobuni dunia zisizokuwepo, nimewakuta hawa wawili: mmoja anataka anga lipasuke, mwingine anataka tope ling'ang'anie kiatu. Kabla sijasema nani ana haki, waulize wenzako wanagombania nini hasa, maana mara nyingi watu hugombania vitu viwili wakidhani ni kimoja. Kuna namna kitu kilivyochorwa, halafu kuna kitu chenyewe.

Chukua The Wind Waker ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 2002. Imechorwa kama katuni: macho makubwa, rangi bapa, moshi unaojikunja kama uzi. Lakini ukitazama kilichomo, sehemu kubwa ni bahari, upepo, tanga, visiwa vidogo, nguruwe wanaokimbizwa na watoto, na bibi anayempikia mjukuu wake supu. Sasa weka kando yake Elden Ring ya mwaka 2022. Humo utaona kutu kwenye kila pete ya deraya na uzi uliochomoka kwenye kila joho, lakini mwanga wa nchi nzima unatoka kwenye mti wa dhahabu mkubwa kuliko mlima. Ya kwanza ni katuni yenye maisha ya kawaida. Ya pili ni uhalisia wa mchoro unaobeba mambo yasiyowezekana. Hakuna iliyokosea.

Kwa hiyo mwenzako wa programu akisema "tope", huenda anazungumzia namna ya kuchora, na yule wa hadithi akisema "visiwa" anazungumzia yaliyomo. Inawezekana kabisa hamna ugomvi. Lakini nadhani mnao, kwa sababu ya ile miti ya zambarau, nami nitaifikia.

Nikupe kisa kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyokuwa na visiwa vinavyoelea kama hivyo mnavyovitaka. Vilikuwa kumi na kimoja, mizizi inaning'inia chini yake, ndege wanazunguka. Tulijivunia sana. Tukawaita watu wa kujaribu gemu, tukakaa nyuma yao na madaftari. Wa kwanza alitoka pangoni, kamera ikainuka kama tulivyopanga, visiwa vyote vikajitokeza. Akavitazama labda sekunde mbili, akafungua ramani, akaenda zake. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu aliuliza kitufe cha kukimbia ni kipi.

Wiki iliyofuata kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwetu, bila kutumwa na mtu, aliweka kitu kidogo pembezoni mwa kisiwa cha kwanza. Ni gogo lililolazwa ukingoni, limechimbika mfereji kwa msuguano wa kamba, na kamba yenyewe inashuka mpaka inapotelea mawinguni. Kando yake ndoo mbili, moja imetoboka na kuzibwa kwa kitambaa. Hakuandika maelezo yoyote. Mtu wa kujaribu aliyefuata alipofika pale akasimama. Akachungulia chini. Akageuza kamera akatafuta mto, hakuuona; akatafuta kisima, hakukiona. Kisha akasema peke yake, kwa sauti: "Kumbe wanateka mawingu." Baada ya hapo alivitazama vile visiwa vingine kumi kwa muda mrefu, kimoja kimoja, akitafuta kamba.

Tangu siku hiyo nikiulizwa swali lako, jibu langu ni hilo gogo. Ajabu kwenye gemu haiaminiki kwa ukubwa wake, inaaminika kwa alama inazoacha kwenye vitu ambavyo mchezaji anavijua tayari: kamba, ndoo, paa, ngazi, nauli. Kama visiwa vyenu havijaichakaza kamba ya mtu yeyote, ni pazia tu lililotundikwa nyuma ya jukwaa. Na kama mna tope na mbao tu, bila kitu chochote kilicholazimisha mbao hizo zipigwe misumari kwa namna ya pekee, mmetengeneza kijiji ambacho mchezaji ameshakiona mara mia.

Watambaji wa ngano walilijua hili. Sungura anasema na hakuna anayeuliza alijifunzia wapi. Lakini ukame ukija naye anaona kiu, na asiposhiriki kuchimba kisima anakatazwa maji, ndipo ujanja unapoanza. Mtambaji anakuomba umwamini mara moja tu, mwanzoni. Kuanzia hapo hadithi inakwenda kwa kiu na tamaa unazozijua.

Gemu iliyonifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni Morrowind, ya mwaka 2002. Watu huikumbuka kwa uyoga mrefu kuliko nyumba na dhoruba za majivu zinazotoka kwenye volkano katikati ya kisiwa, na ukiwasikiliza mashabiki utadhani kila kitu humo ni kigeni. Sivyo. Rudi ukaitazame dakika kumi za kwanza. Unashuka kwenye meli ukiwa mfungwa, unaingizwa kwenye ofisi ya sensa, unajaza fomu. Karani anataka kujua kazi yako. Unatoka nje: kijiji cha mbao na mawe, kinamasi, mnara wa taa. Vitu vya kawaida kabisa, hata vinachosha. Halafu unasikia mlio, kitu kati ya nyangumi na mlango unaohitaji mafuta, unaufuata hadi nje ya kijiji, na pale amesimama mdudu ambaye miguu yake peke yake imepita mapaa yote. Gamba lake limechongwa likawa kiti cha abiria. Mwanamke aliyesimama kwenye jukwaa anakuuliza unakwenda wapi. Unalipa nauli.

Nauli, si vita. Mdudu mkubwa kuliko wote uliowahi kumwona ni usafiri wa umma, ana vituo vyake, ana dereva, na kama huna pesa unatembea kwa miguu. Na nikwambie siri ndogo: mdudu huyo hatembei hata hatua moja. Anasimama pale akiyumbayumba. Ukilipa, skrini inabadilika na uko mji mwingine. Lakini muulize mtu aliyeicheza gemu hiyo zamani, atakuapia kwamba alisafiri juu yake.

Ukipita kidogo barabara inayotoka kijijini hapo utasikia mtu akipiga kelele. Ni mchawi, anaanguka kutoka angani, na anakufa mbele ya miguu yako. Mfukoni mwake kuna daftari na hati tatu za uchawi. Daftari linaeleza kwa majivuno jinsi atakavyoruka kuliko mtu yeyote. Ukisoma hati mojawapo na kuruka, kweli unapaa mpaka ramani yote inabaki chini yako. Ila nguvu za hati zinaisha baada ya sekunde 7 na wewe bado uko juu. Hukufikiria kushuka. Yeye pia hakufikiria. Uchawi umekuwepo, na mvuto wa ardhi haukuondoka kwa heshima yake. Kwa maoni yangu hicho kitu kimoja kinaeleza dunia ile kuliko vitabu vyote vilivyomo kwenye rafu zake.

Minara ya Telvanni, ukoo wa wachawi kwenye gemu hiyohiyo, imeoteshwa kutokana na uyoga, na mingine haina ngazi za kumfikia mwenyewe. Kuna shimo tu linalopanda juu. Mchawi mkuu anaweza kuelea, basi kwa nini ajenge ngazi? Na wewe usiyeweza kuelea ushajua wanakuonaje. Umbo la nyumba limekuambia siasa za mji kabla hujasema na mtu. Kule kwenye mji wa Ald'ruhn wakubwa wanaishi ndani ya gamba la kaa wa kale, na nyumba za raia zilizozunguka zimejengwa kwa umbo lilelile la gamba. Mnyama mmoja aliyekufa zamani amewaachia watu wa mji mzima namna yao ya kujenga.

Sasa nisionekane nimemshabikia mwandishi wenu wa hadithi. Gemu iliyofuata kwenye mfululizo wa Morrowind, Oblivion ya mwaka 2006, ilikwenda upande wa pili. Maandishi ya awali ya mfululizo huo yalikuwa yameieleza nchi ya Cyrodiil kuwa ya misitu minene ya joto. Gemu ilipotoka ikawa nchi ya malisho, misitu ya wastani na ngome za mawe. Mashabiki wengine hawajasamehe hadi leo. Mimi naona ule ukawaida ulikuwa na kazi. Hadithi ya Oblivion ni milango ya moto inayofunguka katikati ya nchi. Unatoka kwenye kijiji cha kijani, ghafla anga linageuka jekundu na ngurumo zinaanza. Ungeuweka mlango huo katikati ya uyoga na majivu ya Morrowind, ungedhani ni hali ya hewa ya siku hiyo. Tatizo lake liko kwingine: milango ilikuwa mingi mno na ndani yake ilifanana, hata ukifika wa kumi unaukwepa kama unavyokwepa dimbwi.

Hapo mwenzako wa programu ana hoja nzito kuliko anavyojua. Macho yanapima kwa kulinganisha. Mchezaji akikosa kitu cha kawaida, hana pa kusimama apime kilichozidi. Kwa hiyo mpangilio, yaani kipi kinaonekana kabla ya kipi, una uzito kuliko kiasi. The Witcher 3 ya mwaka 2015 inakuburuza kwenye nchi ya Velen kwa saa nyingi: vinamasi, maiti zinazoning'inia mtini, wakulima walioporwa na majeshi mawili, upepo unaopinda miti bila kupumzika. Mazimwi yake yamekaa mahali pa shida za kweli, walaji watu wa majini wako penye maji ambamo watu huzama, na mzimu wa mchana uko shambani ambako jua huua. Kisha mwaka 2016 nyongeza yake ikafungua Toussaint, nchi ya mizabibu, rangi za sherehe na mashujaa wenye viapo vya mapenzi. Peke yake Toussaint ingeweza kuonekana kama boksi la peremende. Baada ya Velen, unashuka kwenye farasi na kusimama tu.

Elden Ring inafanya jambo hilohilo kwa lifti. Msituni kuna jengo dogo la mawe, ndani yake sahani ya kukanyaga. Unaikanyaga, unaanza kushuka. Unashuka. Ukuta unapita, unapita, mpaka unaanza kujiuliza kama gemu imekwama. Mtu mwenye haraka angekata muda huo nusu. Wao wakauacha, kwa sababu mwili wako lazima ukubali kwamba uko chini sana ya ardhi. Ndipo ukuta unaisha na unaona juu yako anga la usiku lililojaa nyota. Chini ya ardhi. Nyota hizo zingekuwa juu ya mlima usingezitazama mara mbili. Kilichozifanya ziwe ajabu ni ule muda wa kuchosha kwenye lifti ya mawe.

Kuna eneo moja ambalo ningekuwa mkali kuliko yote mengine, nalo ni uzito. Mchezaji atakusamehe jitu la urefu wa ghorofa kumi. Hatakusamehe likitembea kama nzi. Ukimkuza kiumbe mara mbili kila upande, uzito wake unakuwa mara 8, lakini ukikata mfupa unaombeba na kupima eneo la mkato, limeongezeka mara 4 tu. Galileo alilieleza hili mwaka 1638, na ndiyo sababu miguu ya tembo haifanani na miguu ya swala. Mchezaji wako hajasoma hesabu hiyo, ila ameishi nayo tangu alipoanza kutambaa. Shadow of the Colossus ya mwaka 2005 ina majitu 16 tu na nchi tupu, na kila jitu limejengwa kwa uelewa huu. Mguu unainuka polepole, unakaa hewani kuliko ulivyotarajia, unatua, vumbi linapanda, na farasi wako anashtuka. Migongoni mwao kuna manyoya, na pia kuna mawe yaliyojengwa kama roshani za ngome iliyobomoka. Hakuna anayekueleza ni nani aliyeyajenga. Umeshika manyoya kwa mikono miwili na jitu linajitikisa, huna hata nafasi ya kuuliza kama linawezekana.

Silaha ni hivyohivyo. Upanga wa kweli wa mkono mmoja wa Ulaya ya zama za kati ulikuwa na kilo moja na kitu, na ile mikubwa ya mikono miwili kwa kawaida kilo 2 hadi 3. Ukitaka mhusika wako abebe chuma kipana kama mlango, sawa, mbebeshe. Lakini basi aegemee nyuma akitembea, aburuze ncha mchangani, na akipiga achelewe kurudi. Chumvi umeitia kwenye umbo, usiitie na kwenye mwendo.

Jiografia nitaipitia haraka kwa sababu ni rahisi na wengi wanaijua ila wanaisahau. Mito huungana ikishuka, haigawanyiki hovyo hovyo hadi ikaribie bahari. Upande wa mlima unaopokea upepo wenye unyevu huwa kijani, wa nyuma yake huwa mkavu. Watu hujenga penye maji, penye kivuko, au penye kitu cha kuchimba. Ukivunja mojawapo, ivunje kwa sababu ambayo mtu wa kijiji hicho anaweza kuitaja.

Halafu kuna jambo ambalo wachoraji huwa hatulipendi: mandhari ya gemu ni lugha kabla ya kuwa picha. Mlango unafunguka. Ngazi inapandwa. Kamba inashikwa. Daraja bovu linavunjika. Mchezaji ameyajua haya kabla hajawasha gemu yako, na kila kitu cha kawaida unachokiweka kinamfundisha bure. Kila kitu kigeni ni deni, lazima umfundishe kinafanya nini, na kufundisha kunakula muda na maandishi. Ile minara isiyo na ngazi niliyoisifu hapo juu imewaacha wachezaji wapya wangapi wakizunguka chini yake wakitafuta mlango wa pili? Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo ukiwa na mmea wa ajabu unaofunguka mtu akikaribia, uweke kwanza mahali salama, mdudu akaribie ufunguke, mchezaji aone. Baadaye ndipo uutumie kumtega.

Kusomeka kwa mbali nako kuna deni lake. World of Warcraft, ya mwaka 2004, ilitia chumvi kila umbo: mabega mapana kama milango, silaha kubwa, mapaa yaliyopinda, rangi moja kuu kwa kila eneo. Wapo waliocheka. Lakini kwenye uwanja wenye watu arobaini wanaorusha moto kwa pamoja, unamjua adui kwa umbo lake tu. Uchoraji ule ulitokana na haja ya kuona, na ndio umeifanya izeeke taratibu. The Wind Waker nayo ilidhihakiwa ilipoonyeshwa. Iliporudishwa mwaka 2013 sura yake ilikuwa bado changa, wakati gemu nyingi za umri wake zilizokimbilia uhalisia zinaonekana kama sanamu za nta zilizoachwa juani. Mtaalamu wa roboti Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kwamba kadiri kitu kinavyokaribia sura ya binadamu tunakipenda zaidi, mpaka kifike karibu kabisa bila kufika, hapo mapenzi yanaporomoka kama bondeni na kinatutia kinyaa. Ninyi ni watatu. Msijaribu kuvuka bonde hilo kwa miguu. Choreni kwa mistari rahisi, rangi chache, nyuso zisizo na vinyweleo, na uhalisia wenu muuweke kwenye uzito, sauti na matumizi ya vitu. Hapo hamshindani na studio yenye wachoraji mia tatu.

Na umaskini wa mashine si adui siku zote. Morrowind ilikuwa na ukungu kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuweza kuchora mbali. Baadaye wachezaji wenye ujuzi waliuondoa, wakagundua kwamba kisiwa kile kikubwa walichokizunguka kwa miezi ni kidogo, unaona ng'ambo hadi ng'ambo. Tulikuwa tumedanganywa na ukungu, na ulikuwa uongo mzuri.

Kuna watakaokuambia mwende mwisho kabisa wa uhalisia, kama Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, iliyowekwa Bohemia, nchi ya Ulaya ya Kati, ya mwaka 1403. Haina uchawi hata kidogo, ukivaa kofia ya chuma unaona kupitia ufa mwembamba, ukiwa mchafu watu wanakudharau. Naipenda. Ila si fantasia, na msiige tope lake mkadhani mmepata na uzito wake. Uzito ule umetoka kwenye mahali halisi, ngome ambazo mtu anaweza kwenda kuzigusa. Ninyi mahali penu hapapo, kwa hiyo lazima pajitetee penyewe.

Sasa turudi kwenye orodha ya mwandishi wenu.

Miti ya zambarau: ningeitoa. Kubadili rangi ni ajabu ya bei rahisi kuliko zote; inamshangaza mchezaji mara moja, kisha macho yanaizoea na imebaki kuwa miti. Kama anaing'ang'ania, mwambie akuonyeshe nguo zilizopakwa rangi ya magome yake, vidole vya wakata kuni visivyotakata, na maji ya mto yaliyobadilika mahali inapoota. Akishindwa, itoke.

Miezi mitatu: ibaki ikiwa tu kuna mtu anayeihesabu. Mfululizo huohuo wa Morrowind una miezi miwili, na katika simulizi zake watu wa jamii ya Khajiit huzaliwa na umbo linalotegemea miezi hiyo ilikuwaje usiku wa kuzaliwa. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza wasifanane kabisa. Miezi imeingia ndani ya nyumba za watu. Yenu inafanya nini? Labda usiku ambao yote mitatu inawaka hakuna mwizi anayetoka, na usiku ambao yote imezimika milango inafungwa mapema. Hilo mwenzako wa programu anaweza kuliandika jioni moja.

Majitu pia, kama mtakuwa nayo, yapeni kazi. Kwenye Skyrim, gemu nyingine ya mfululizo huo, majitu ni wafugaji. Yanachunga mamothi, yaani tembo wa kale wenye manyoya, yanakoka moto, yanatengeneza jibini kwenye kambi zao. Ukipita mbali yanakuacha. Ukikaribia mifugo, rungu moja linakurusha angani kama jiwe la kombeo. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilizunguka kambi kwa mbali, kwa adabu, kama ninavyozunguka zizi la mtu.

Visiwa ndivyo ningevipigania, lakini si vyote. Kiwe kimoja. Timu ya watu watatu inaweza kulipia ajabu moja kubwa na alama zake zote, na hapo mtakuwa na kazi ya mwaka mzima. Msianze na juu, kila mtu anaanza na juu. Anzeni chini yake. Mvua ikinyesha juu ya kisiwa inazama kwenye udongo, inapita kwenye mizizi, inadondoka kwa walioko chini siku nzima na usiku kucha. Wa juu hawataki kupoteza maji, kwa hiyo wanachimba mabwawa na kuyaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Wa chini wanaishi kwa kinachovuja. Bwawa moja likizibwa vizuri zaidi, kuna kisima chini kinachokauka. Mwandishi wenu amepata hadithi yake bila joka wala unabii. Mawe nayo yanadondoka mara mojamoja, kwa hiyo mapaa ya kijiji yamepandwa nguzo nene kuliko kuta zinavyohitaji, na watoto wanajua njia ipi usipite baada ya mvua. Hiyo ni kazi ya yule wa programu: jiwe, muda, mahali, sauti kabla halijafika.

Na wewe, kabla ya kikao chenu kijacho, chora nyumba moja tu ya hapo chini. Jua halifiki sawasawa, kwa hiyo kuta zina ukungu wa kijani hadi usawa wa kiuno, nguo zimeanikwa mbali, ukingoni mwa kivuli, na kuna njia iliyokanyagwa sana inayokwenda huko. Mlangoni weka vyombo vya kukingia maji, vya ukubwa tofauti, kila kimoja chini ya mzizi wake. Tope hapo halikauki mwaka mzima. Mpe mwenzako wa programu alichore apendavyo.